Nguvu Iko Wapi? Kamshafti, Starlet na Mlima wa Chiwata

Msimu wa korosho ulipokuwa unaanza, mwaka juzi, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Chiwata. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniuliza habari za Dar kama mtu asiyezijali sana, akafika kwenye shida yake.

"Mjomba, gari haipandi."

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, lile la mwanzoni mwa miaka ya 1990, alilolinunua kwa mtu Masasi mjini. Ni taksi bubu, tuseme ukweli. Asubuhi linateremka na watu wa sokoni, jioni linapandisha watu, magunia, madumu ya mafuta ya kula na wakati mwingine mbuzi. Chiwata iko pembezoni mwa uwanda wa Wamakonde, upande wa Masasi. Huko ukitaka kwenda juu, unapanda kweli. Kuna mchanga, kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua, na kuna kona ambazo dereva akishapoteza mwendo hana pa kuupata tena.

"Sasa nimeona dawa," akaendelea. "Kuna jamaa Dar anauza kamshafti za resi, zote mbili. Nikifunga hizo Starlet inapaa. Laki nane tu, mjomba."

Kwetu kule, iwe kwa Wamakonde, Wamakua au Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba si ndugu wa kuonana naye kwenye harusi na misiba peke yake. Mtoto wa dada yako ana haki ya kukuomba, na wewe una wajibu, kwanza wa kumuuliza maswali, halafu wa kutoa. Mimi nilitoa. Maswali sikuuliza. Nilikuwa kazini, nina habari ya kumaliza, nikafungua simu nikatuma pesa kwa dakika mbili, nikajiona mjomba wa maana.

Wiki tatu baadaye dada yangu akanipigia. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma na watu wengine wanne. Katikati ya mlima gari likatetemeka, likazima, likaanza kurudi kinyumenyume. Breki ikawa ngumu kama jiwe. Mkorosho mmoja uliokuwa kando ya barabara ndio uliowapokea. Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko, lakini sauti ya dada yangu siku ile ilikuwa ya mtu aliyeona kitu. Hakumlaumu mwanawe. Aliniuliza mimi swali moja: "Kwani hicho chuma ulichomnunulia kinafanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Mtu mzima, nimesoma chuo kikuu, ninaandika magazetini, nimelipia kitu kilichokaribia kumuua dada yangu na sijui kinafanya kazi gani. Makala hii ni jibu langu kwake, limechelewa. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuchimba yaliyopita, nimeligeuza kuwa historia.

Tuanze na kinu. Kila aliyekulia kusini amewaona kina mama wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana. Mchi wa huyu unashuka, wa yule unapanda. Wakienda taratibu hakuna shida, kila mmoja anasubiri mwenzake atoe kabisa. Wakishika kasi, mchi wa pili unaanza kuingia wakati wa kwanza bado haujatoka vizuri, na hapo ndipo ufundi ulipo. Anayeanza mapema mno anagonga mchi wa mwenzake, anayechelewa anaharibu mdundo.

Injini ya petroli ni kinu cha namba hiyo. Kila silinda ina mlango wa kuingizia hewa na petroli, na mlango wa kutolea moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Kamshafti ni fimbo ya chuma yenye vinundu, inayozunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Kinundu kikifika juu ya valvu kinaisukuma, mlango unafunguka. Kikipita, springi inaurudisha, mlango unafungwa. Basi. Kamshafti haichomi petroli na wala haitengenezi nguvu yoyote. Inachoamua ni lini mlango ufunguke, ufunguke kiasi gani, na ubaki wazi kwa muda gani. Ni mtunza saa wa injini.

Ujuzi wa kinundu kwenye fimbo ni wa kale kuliko injini yenyewe. Wachina wa enzi ya utawala wa Han walikuwa na nyundo za kutwangia nafaka zilizoinuliwa na fimbo za namna hiyo, zikizungushwa na maji. Zaidi ya miaka 1000 baadaye, mwaka 1206, fundi mkubwa wa ulimwengu wa Kiislamu, al-Jazari, alimaliza kitabu chake cha mitambo katika mji wa Diyarbakır, Uturuki ya leo. Mitambo yake ya saa na ya kuinua maji ilikuwa na fimbo zenye vinundu vilivyopanga nini kitokee lini. Kwa hiyo kabla haijafika kwenye gari, kazi ya kamshafti ilikuwa kutwanga na kupanga saa. Ukifikiri vizuri, hadi leo haijabadilika.

Injini za magari zilifika kusini yetu kwa vita. Watu wa Chiwata wanajua kwamba pale kijijini palikuwa na kituo cha misheni ya UMCA, wale Waanglikana waliofika Masasi mwaka 1876. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1917 Chiwata ilikuwa moja ya ngome za mwisho za Wajerumani katika Tanganyika nzima. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, mwezi wa Oktoba, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kuelekea uwandani. Katikati ya Novemba akaiacha Chiwata. Siku chache baadaye akapunguza jeshi lake, akawaacha wagonjwa na majeruhi, akapita Newala na kuelekea mto Ruvuma.

Wakati huohuo, huko Jamboli nchini Bulgaria, Wajerumani walikuwa wameandaa kitu ambacho hadi leo ukikisimulia kijiweni unaonekana mwongo. Ilikuwa meli ya angani, Zeppelin L 59, yenye injini tano za Maybach, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 240. Ilibeba takriban tani 15 za risasi, dawa na vifaa, na mahali ilipoelekezwa kutua ni huku huku, uwanda wa Wamakonde. Haikutarajiwa kurudi. Kitambaa cha mwili wake kingekatwa kiwe mahema, na vyuma vyake vingegeuzwa kuwa milingoti ya redio.

Iliondoka tarehe 21 Novemba. Ikavuka bahari, ikavuka jangwa la Misri, injini moja ikaharibika njiani, nyingine zikaendelea. Tarehe 23, ikiwa karibu na Khartoum, ikapokea amri ya redio kurudi nyumbani. Mahali ilipotakiwa kutua palikuwa hapana mwenyewe. Ilifika Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na mwendo wa zaidi ya kilomita 6,700. Siku hiyohiyo, von Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliicheka. Safari hii sikucheka. Hesabu zile injini tano, unapata nguvu za farasi 1,200, na zilifanya kazi yake kwa siku nne usiku na mchana. Nguvu ilikuwepo. Haikuwepo mahali ilipohitajika wakati ilipohitajika. Na waliobeba vita ile mabegani, kwa pande zote mbili, walikuwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, magonjwa na kuchoka. Jina la Kariakoo, pale pale tunaponunua vipuri vya magari leo, limetokana na kikosi chao cha wapagazi upande wa Waingereza.

Lakini Waingereza pia walileta magari katika vita ile, na mojawapo ni Ford Model T, kigari chepesi cha miguu mirefu. Hapa ndipo nataka msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuelewa kosa letu la Chiwata.

Injini ya Model T ilikuwa na lita 2.9 na nguvu za farasi 20. Ishirini tu. Starlet ya mpwa wangu ina injini ya 4E-FE, lita 1.3, na ilipotoka Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 100. Ukisikia hivyo utasema hazifanani hata kidogo. Sasa tazama namba ya pili, ambayo wauza magari hawaitaji sana: nguvu ya kuzungusha, yaani ule ukali wa injini kusokota gurudumu. Ya Ford ilikuwa takriban niutoni-mita 112. Ya Starlet ni 117. Karibu sawasawa!

Sasa farasi 80 za ziada zimetoka wapi? Kwenye mwendo. Nguvu za farasi ni nguvu ya kuzungusha mara kasi ya kuzunguka. Ford ilitoa ukali wake wote injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, polepole kama punda mwenye subira. Starlet inaufikia ukali wake ikizunguka mara 5,200 kwa dakika, na farasi wake 100 wanapatikana kwenye mizunguko 6,600, injini ikipiga kelele ya kuomba msamaha. Gia ndiyo inayobadilisha kelele hiyo kuwa kuvuta, lakini gia inafanya kazi na kile injini ilichonacho kwa wakati ule, si kilichoandikwa kwenye karatasi.

Madereva wa Model T walikuwa na mbinu moja maarufu duniani: mlima ukiwa mkali mno, waligeuza gari na kuupanda kinyumenyume. Sababu zilikuwa mbili. Gia ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na petroli ilikuwa inashuka yenyewe kutoka kwenye tangi bila pampu, kwa hiyo gari likiinua pua sana injini ilikosa mafuta. Hawakuongeza chochote kwenye injini. Walitumia walichonacho mahali panapofaa.

Sasa turudi kwenye kamshafti ya resi. Tofauti yake na ya kawaida ni umbo la vinundu. Ni virefu na vinene zaidi, kwa hiyo valvu inafunguka zaidi na inabaki wazi muda mrefu zaidi. Kwa nini hiyo isaidie? Kwa sababu hewa ina uzito. Injini ikizunguka kasi sana, hewa inayoingia kwenye silinda ni kama umati wa watu waliosukumana mlangoni. Hata pistoni ikishaanza kurudi juu, umati bado unaingia kwa nguvu ya mwendo wake. Ukiuacha mlango wazi kidogo zaidi, wanaingia wengi zaidi. Mchanganyiko unaongezeka, mlipuko unakuwa mkubwa, farasi wanaongezeka. Kwenye mizunguko 6,000 na 7,000 jambo hili ni kweli kabisa, na yule jamaa aliyemuuzia mpwa wangu hakusema uongo.

Lakini injini ikiwa inazunguka polepole, umati ule hauna msukumo. Pistoni inapanda, mlango bado uko wazi, hewa iliyoingia inasukumwa nje ilikotoka. Zaidi ya hapo, mlango wa moshi na mlango wa hewa vinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu, kama michi miwili ndani ya kinu kimoja watwangaji wakiwa hawana kasi, na moshi unarudi kuchafua hewa safi. Mlipuko unakuwa dhaifu. Gari likisimama bila kukanyagwa mafuta linatetemeka na kuguguma. Vijana wanaipenda sauti hiyo, wanasema gari linanguruma kama simba. Kwa kweli ni injini inayokosa pumzi.

Kuna na jambo la tatu, nalo ndilo lililomtisha dada yangu. Breki za gari dogo husaidiwa na uvutaji wa hewa wa injini. Kamshafti ya resi inaupunguza uvutaji huo injini ikiwa chini, na injini ikizima kabisa msaada unaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Kwenye Starlet, kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, pia hupima uvutaji huohuo ili kujua imwage petroli kiasi gani. Ukibadilisha kamshafti bila kuirekebisha kompyuta, inapewa habari za uongo. Mimi ni mwandishi wa habari, najua mtu anavyofanya maamuzi akipewa habari za uongo.

Fikiria basi ule mlima. Gari lina watu sita na magunia. Dereva amesimama kumpakia mtu wa saba. Anaachia klachi gia namba moja, injini iko kwenye mizunguko 1,500 hivi. Pale ndipo alipohitaji nguvu, na pale ndipo hasa mimi nilipolipa laki nane ili iondolewe.

Nisije nikaonekana nazidharau kamshafti za resi. Zina historia yao na heshima yao katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaliyotayarishwa na viwanda yalikuja na injini zilizokamuliwa hadi tone la mwisho, na baadhi yalishinda. Dereva wa mashindano yuko na msaidizi mmoja tu, hapakii abiria njiani, na mguu wake hautoki kwenye mafuta. Anaishi juu, kwenye ile mizunguko ambako kamshafti yake inafanya kazi.

Hata hivyo, tazama nani walishinda. Mwaka 1954, 1957 na tena 1962, mshindi alikuwa Volkswagen, yule kobe, gari lisilo na haraka kwa namna yoyote, lenye injini iliyopangwa kuvuta kwa mizunguko ya chini. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Tanzania hii, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua zaidi kwa kubeba familia na mizigo. Na mwaka 1993, nyuma ya Toyota Celica nne za kiwanda zenye turbo, nafasi ya tano, ya sita na ya saba zilichukuliwa na vigari vidogo vya Daihatsu Charade. Kwenye barabara zetu, gari lililofika limekuwa mara nyingi ni lile ambalo nguvu yake ilikuwa mahali sahihi.

Na Toyota wenyewe walilijua hili. Hapa kuna kitu ambacho kama ningekisoma kabla ya kutuma pesa, makala hii isingekuwepo. Starlet ya mpwa wangu ni ile ya umbo la EP82, yenye farasi 100. Mwaka 1996 Toyota walitoa Starlet mpya, EP91, yenye injini ileile ya 4E-FE, lita zilezile 1.3. Farasi wake ni 85. Kiwanda kikubwa kuliko vyote Japani kilitengeneza gari jipya na kulipunguzia nguvu! Ila soma namba ya pili. Nguvu ya kuzungusha ilibaki ileile, 118 badala ya 117, lakini sasa ilipatikana kwenye mizunguko 4,400 badala ya 5,200. Waliteremsha nguvu kutoka darini wakaiweka sebuleni, mahali watu wanapokaa. Walifanya kinyume kabisa cha tulichofanya sisi.

Baadaye wakapata jibu zuri zaidi. Honda walishatangulia mwaka 1989 na mfumo wao wa VTEC, unaoruhusu injini moja kutumia vinundu vya aina mbili, vya upole ikiwa chini na vya ukali ikiwa juu. Toyota wakaja na VVT-i, inayotumia shinikizo la oili kusogeza saa ya kamshafti mbele na nyuma gari likiwa linatembea. Vitz iliyorithi nafasi ya Starlet mwaka 1999 ilikuwa nayo, na IST ya mwaka 2002, ambayo leo imejaa kila mtaa wa Tanzania, inayo. Ndiyo maana IST ya lita 1.5 inapanda mlima wa Chiwata bila maneno mengi. Mtunza saa wake anajua kubadilisha saa.

Nilikwenda mwenyewe Chiwata baada ya ile ajali. Nilimkuta mpwa wangu amekaa kwenye kivuli, gari limefunikwa turubai kama maiti. Hakunitazama usoni. Tukamtafuta mzee mmoja fundi ambaye ujana wake aliumaliza kwenye malori na Land Rover, enzi ambazo kipuri kikivunjika hukinunui, unakichonga. Hakutaka kusikia habari za resi. Alimtazama kijana akamuuliza:

"Mwanangu, hiyo nguvu unaitaka wapi?"

"Mlimani, mzee."

"Mlimani wapi? Mwanzo, katikati au mwisho?"

Mpwa wangu akafikiri. "Pale pa kuondokea. Nikishaondoka inakwenda."

"Basi umenunua nguvu ya kwenda Dar," mzee akasema. "Ya kutoka hapa huna."

Kamshafti za zamani zilikuwepo, zimefungwa kwenye gunia. Mzee akazirudisha. Wakati anazirudisha ndipo akaona mengine. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi jekundu la uwandani hadi limekuwa kama tofali. Valvu kadhaa zilikuwa zimebana, hazifungi sawasawa, na mgandamizo ulikuwa unavujia hapo. Mkanda wa taimingi ulikuwa umeruka jino moja, sijui tangu lini. Yaani gari lilikuwa limekosea saa kabla hata hatujalinunulia saa nyingine. Mzee akapanga upya, akabadilisha vipande vidogo vya chuma vinavyokaa juu ya valvu, akaweka chujio jipya, akafunga. Kazi ya siku mbili. Alichotutoza hakikufika robo ya pesa niliyoituma.

Jioni ya siku ya pili tukapanda. Mpwa wangu anaendesha, mimi mbele, dada yangu nyuma. Alikataa kwanza, kisha akasema kama kufa tutakufa wote watatu, angalau ukoo utajua wa kulaumu. Pale kwenye mkorosho, ambao bado una kovu la bampa, kijana akasimama kwa makusudi. Akavuta breki ya mkono. Akaachia klachi. Gari likanyanyuka, halikupaa, likaondoka polepole kama mtu mzima mwenye safari.

Hakuna aliyesema kitu mpaka tukafika juu. Huko barabara inanyooka kuelekea Newala, na ukifika kule, kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma chini limelala. Nilifikiria ile meli ya angani na tani zake 15. Nilifikiria pia wapagazi, ambao hawakuwa na kamshafti wala saa na bado ndio waliofikisha mizigo.

Dada yangu bado anasubiri jibu lake, kwa hiyo nilimjibu pale pale. Nikamwambia hicho chuma hakiongezi nguvu, kinachagua tu nguvu iwe wapi. Na aliyechagua safari ile alikuwa mimi, nikiwa Dar, mlima siuoni. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sasa siku nyingine uulize kwanza."

Kamshafti za resi bado ziko ndani ya gunia, kwenye kona ya nyumba ya dada yangu. Mpwa wangu anasema kuna siku atapata gari la kwenda nalo Dar. Mwezi uliopita alinipigia tena. Anataka pesa ya betri. Nilimuuliza maswali kumi na mawili kabla ya kutuma.